Tuisheni ya hisabati kwa simu: unalipwa saa moja, unafanya kazi saa ngapi?

Mwalimu, shikamoo.

Nasoma ualimu hapa Tabora mjini, mwaka wa pili, masomo ya hisabati na fizikia. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, linaisha mapema, kwa hiyo nimeanza kufundisha hisabati mtandaoni. Dalali wa tuisheni amenitafutia watoto wawili wa kidato cha tatu, mmoja yuko Nzega na mwingine Dar es Salaam. Mzazi analipa shilingi 5,000 kwa saa, na dalali anakata asilimia 30 kila kipindi. Masharti yake ni kwamba kila mtoto awe na saa yake peke yake, mara mbili kwa wiki, na mimi nionekane kwa video mwanzo hadi mwisho.

Kipindi kimoja kinakula bando la kama shilingi 1,500. Mtoto wa Nzega anakatikakatika. Wa Dar anasikika vizuri, ila kila ninachoeleza anajibu "ndiyo, nimeelewa", nikimwachia swali afanye mwenyewe hatoki. Wote wawili wanalalamika kuwa maandishi yangu hayaonekani. Tena mzazi mmoja ameniuliza kama naweza kumfanyia mwanawe kazi za nyumbani, atanilipa kwa kila zoezi.

Mwenzangu ninayekaa naye chumba kimoja ananiambia niachane na haya, nijiunge na Preply, tovuti ya kimataifa ya kufundishia, nilipwe kwa dola. Na ikifika Julai tunakwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, sijui nitapangiwa wapi.

Naomba uniambie ukweli. Kwa mwanafunzi kama mimi kazi hii inalipa, au nakula muda wangu wa kusoma? Na kama inalipa, niiendeshe vipi?

Mwanafunzi wa ualimu, Tabora

*

Marahaba, mwalimu mtarajiwa.

Kazi inalipa. Mpango uliopewa na dalali ndio usiolipa, na tuanze kwa kuupigia hesabu.

Katika 5,000, dalali anaondoka na 1,500 na bando linaondoka na 1,500. Mkononi inabaki 2,000. Sasa muda. Kuandaa kipindi cha mtoto mmoja kwa uaminifu ni dakika 40. Kusahihisha alichoandika, dakika 30. Kumtafuta mzazi, kupanga upya saa na kujibu jumbe, dakika 20. Ongeza saa yenyewe ya kufundisha, jumla ni dakika 150, yaani saa mbili na nusu. Gawanya 2,000 kwa 2.5, unapata shilingi 800 kwa saa. Mtoto wa Nzega akikatika nusu ya kipindi nawe ukamfidia siku nyingine, hata hiyo 800 huipati.

Maandalizi ndiyo yanayokumaliza, kwa sababu unaandaa mara mbili kwa watoto wawili walio darasa moja. Waunganishe. Chukua watoto watano wa kidato kimoja, kila mmoja alipe 2,000 kwa kipindi cha dakika 75. Hiyo ni 10,000 isiyopita kwa dalali. Bando likishuka hadi 500 unabaki na 9,500. Maandalizi dakika 45, kufundisha 75, kusahihisha daftari tano kwa dakika nane nane ni 40, jumbe 20. Jumla saa tatu kamili, kila saa inakupa shilingi 3,166. Ni karibu mara nne ya mwanzo, na mzazi analipa chini ya nusu ya alichokuwa akilipa. Usizidi watoto sita. Wakifika kumi hutaweza kusoma kazi ya kila mmoja, na hapo unakuwa unatoa mhadhara tu. Mihadhara ya bure imejaa YouTube, hakuna sababu ya mzazi wa Tabora kuilipia.

Kwa vipindi viwili kwa wiki, mapato baada ya bando ni kama 76,000 kwa mwezi, kwa saa sita za kazi kila wiki. Panga matumizi yako kwa 60,000, maana katika watano mmoja huchelewa kulipa au huacha. Fedha hiyo inasaidia chakula na fotokopi, haitoshi ada. Grupu la pili usilifungue muhula huu. Saa 12 kwa wiki kwa mtu mwenye majaribio ya maabara ya fizikia ni nyingi mno, na ukishindwa mitihani yako mwenyewe hakuna kiasi cha tuisheni kitakachofidia.

Bando sasa. Kinacholila ni video, na unaweza kulithibitisha kwa hesabu yako mwenyewe. Zoom wanataja kilobiti 600 kwa sekunde kwa video nzuri ya watu wawili. Zidisha kwa sekunde 3,600, gawanya kwa 8, unapata megabaiti 270 kwa saa upande mmoja; kwenda na kurudi ni 540. Sauti peke yake ni kilobiti 60 hadi 80, kwa hiyo hata ukichukua 80 ni megabaiti 36 kwa saa kila upande. Kuonyesha skrini bila uso ni kilobiti 50 hadi 75, chini ya megabaiti 34. Sauti ya pande mbili pamoja na skrini hazifiki megabaiti 110 kwa saa. Mzazi ana haki ya kujua sura ya mtu anayezungumza na mwanawe, basi washa kamera dakika mbili za mwanzo, salimiana nao, kisha izime.

Kwa Nzega hata sauti inaweza kukatika, ndiyo maana kipindi hakipaswi kutegemea laini kuwa hewani. Jioni ya siku moja kabla, tuma picha moja yenye maswali matatu. Watoto wafanye kwenye karatasi, wapige picha, warudishe angalau saa mbili kabla ya kipindi. Wewe unasoma, unatenga makosa, na muda wa maongezi unautumia kwa makosa hayo tu. Baada ya kipindi kila mmoja anapewa swali moja la kufanya peke yake, linarudi kesho yake. Picha ya ukurasa kwa kawaida haifiki nusu megabaiti, na ujumbe wa sauti wa dakika moja haufiki robo. Vitu vidogo hivyo vinapenya hata mtandao ukiwa dhaifu, na aliyekatika hajapoteza kipindi.

Kuhusu programu ya kutumia, simu ya kikundi ya WhatsApp inatosha. Zoom ya bure inakata dakika ya 40, na Google Meet ya bure dakika ya 60 mkiwa watatu au zaidi. Ukilazimika kutumia Zoom, gawa kipindi: dakika 35 mkiwa hewani, dakika 10 watoto wanafanya swali laini ikiwa imekatwa, kisha 30 za kumalizia.

Kabla ya kumpokea mtoto, uliza simu ni ya nani na inarudi nyumbani saa ngapi. Shuleni wanafunzi hawaruhusiwi simu, kwa hiyo wa bweni ni wa likizo tu, na wa kutwa anategemea simu ya mama au baba. Mzazi mwenye duka au bodaboda anafika nayo saa moja usiku, ikiwa na chaji asilimia tisa, na wateja bado wanapiga. Simu ya kawaida ikiingia, maongezi ya WhatsApp yanakatishwa. Weka kipindi saa moja na nusu usiku, mwombe mzazi achaji mapema na awaambie wateja wake kuwa muda huo hapatikani. Asiyeweza hilo, usimkubali. Utagombana naye kila wiki.

Maandishi yasiyoonekana yana tiba rahisi. Acha kurusha mkono wako moja kwa moja hewani, kwa sababu kamera inahangaika kutafuta fokasi kila mkono unapopita. Andika hatua tatu au nne, piga picha, tuma, kisha zieleze kwa sauti watoto wakiwa na picha mbele yao. Tumia karatasi nyeupe isiyo na mistari na maka peni nyeusi ya ncha nyembamba, usitumie penseli. Tarakimu ziwe na urefu wa sentimita moja. Taa iwe upande wa mkono usioandika, la sivyo unapiga picha ya kivuli chako. Na nunua spika za masikioni zenye maiki, za bei ndogo tu. Zinaondoa mwangwi, na mvua za Novemba zikianza kugonga bati hutasikika bila hizo.

Nakuja kwa mtoto wa Dar, na hapa naomba usome polepole, kwa sababu ndipo kazi yako ilipo. Anayesema "nimeelewa" hadanganyi. Ameelewa ulichofanya wewe, hatua kwa hatua, jinsi ulivyomwongoza. Hajui afanye nini karatasi ikiwa tupu. Darasani ungepita nyuma ya dawati lake ukaona kalamu imesimama. Kwenye simu huioni kalamu, kwa hiyo lazima uitengenezee njia ya kuonekana. Swali la "umeelewa?" lifute kabisa. Badala yake sema: andika hatua ya kwanza tu, piga picha, tuma, usiendelee. Watoto watano wanatuma hatua tano, na ndani ya dakika mbili unajua nani amepotea wapi.

Chukua logi. Mtihani wa kidato cha nne hauruhusu kikokotoo, watoto wanatumia majedwali ya hisabati. Video nyingi za mtandaoni zinatatua kwa kikokotoo, kwa hiyo hazimsaidii mtoto hapa, wewe unaweza. Mpe kipeuo cha tatu cha 0.0347. Jedwali linampa 0.5403 kwa 3.47, na sehemu nzima ni 2 yenye mstari juu, yaani hasi mbili. Sasa agawanye kwa 3. Wengi wanagawanya 2 kwa 3 na 0.5403 kwa 3 kila moja kivyake, au wanausahau mstari na kugawanya 2.5403 nzima. Njia ni kuifanya sehemu hasi igawanyike kwanza: hasi 2 iandikwe hasi 3 jumlisha 1, ili upate hasi 3 na 1.5403. Gawanya kwa 3, unapata hasi 1 na 0.5134, na jibu ni 0.326. Mwambie alizidishe lenyewe mara tatu, litarudi karibu na 0.0347. Ukiomba jibu peke yake utaona namba isiyo sahihi tu. Ukiomba hatua ya kwanza utaona kama mstari ulisahaulika au ulieleweka vibaya, na hayo ni magonjwa mawili yenye dawa tofauti.

Mfano wa pili unahusu uchaguzi wa swali lenyewe. Kwenye mada ya dunia kama tufe ungependa kutumia miji ya kwetu, na ni vizuri, watoto wanaijua. Tabora na Kigoma zote ziko karibu na latitudo 5° Kusini, longitudo zake zikikadiriwa kuwa 33° na 30° Mashariki. Umbali kwa kufuata latitudo ni maili 60 za kila nyuzi, mara tofauti ya nyuzi 3, mara kosini ya 5°, yaani maili za baharini 179.3, kama kilometa 332. Swali hili linamnasa vizuri mtoto anayejumlisha longitudo pale anapotakiwa kutoa, kwa kuwa atapata zaidi ya maili 3,700 na wewe utamuuliza kama kuna treni ya namna hiyo. Lakini anayesahau kosini halimnasi kabisa: atapata 180, nawe utadhani amekadiria. Karibu na ikweta kosini inakaribia 1, kosa linajificha. Kwa kosa hilo tumia latitudo 60°, ambako kosini ni nusu na jibu linakuwa maradufu ya linalotakiwa. Kila swali unalotuma lijue linatafuta kosa gani. Maandalizi ya dakika 45 niliyokupangia ni kwa ajili ya hilo, na ukiyaweka kwenye daftari yatakufaa tena mwakani na siku utakapoajiriwa.

Kumbuka pia mtihani uko kwa Kiingereza. Maswali ya maneno, hasa ya kutafuta faida kubwa kwa kuchora mistari kwenye grafu, mtoto anashindwa kusoma kabla hajashindwa hesabu. Akutumie kwanza sauti akieleza swali kwa Kiswahili. Akisema "angalau" mahali pa "isizidi", umeshajua alama yake ya ≤ au ≥ itageukia wapi.

Usimuahidi mzazi kuwa mtoto atapata A. Karatasi ya kidato cha nne ya miaka hii ina maswali 14: kumi ya alama 6 na manne ya alama 10, kwa saa tatu. D inaanzia 30 na C inaanzia 45. Mtoto anayepata 18 akishika maswali mawili ya alama 6 kikamilifu amefika 30. Ahidi mada mbili kwa mwezi, mpe mtoto jaribio la nusu saa mwanzo na mwisho wa mwezi, mzazi aone karatasi zote mbili.

Dalali, malizana naye kwa heshima. Asilimia 30 ya kila kipindi milele ni nyingi kwa mtu aliyefanya kazi siku moja ya kukutanisha. Maliza mwezi huu kwa makubaliano yaliyopo, kisha mpendekezee malipo ya mara moja kwa kila mtoto anayemleta, kama nusu ya ada ya mwezi wa kwanza. Akikataa, watoto wake waache kwake, tafuta wako kupitia wazazi unaosali nao au walimu uliowahi kusoma kwao. Kumpokonya wateja kimyakimya kutakuharibia jina mapema.

Kazi za nyumbani kwa malipo, hapana. Mwalimu wa shule atasahihisha kazi yako akidhani mtoto anajua, na Novemba ya kidato cha nne mtoto ataingia chumba cha mtihani peke yake. Mjibu mzazi kuwa utakaa na mtoto dakika 15 afanye swali la kwanza mbele yako kwa sauti, mengine afanye mwenyewe.

Kuhusu Preply, mwenzako hakukueleza makato. Malipo ya kipindi cha majaribio cha kila mwanafunzi mpya yanachukuliwa yote na kampuni, na baadaye wanakata asilimia 33, ikishuka hadi 18 kadiri saa zako za kufundisha zinavyoongezeka. Halafu kuna saa. Mtoto wa New York anayetaka kusoma saa moja jioni kwao wakati wa baridi, hapa ni saa tisa usiku. Utashindana na walimu wenye vyeti na mapitio mengi, ukifundisha mitaala isiyo yako. Ukishamaliza shahada unaweza kulijaribu. Sasa hivi nguvu yako ni kwamba unaijua karatasi ya Baraza la Mitihani (NECTA) na unaweza kuieleza kwa Kiswahili.

Usalama wa watoto usiuache mpaka litokee jambo. Mzazi awe ndani ya grupu, jumbe zote zipite humo, usichati na mtoto faragha, iwe kwa sababu ya hesabu au nyingine. Usirekodi sauti zao wala kusambaza picha za daftari zenye majina bila ruhusa ya mzazi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, nayo inakuhusu wewe pia.

Julai itangaze tangu leo. Shule utakayopangiwa inaweza kuwa mahali ambapo mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu, na mchana mzima utakuwa darasani. Funga grupu mwisho wa Juni, usipokee ada inayovuka tarehe hiyo. Ukirudi, fungua jipya kwa wanaojiandaa na mtihani.

Ada ilipwe kwa mwezi na kabla ya kipindi cha kwanza, kwa simu, kwa jina lako, na kila aliyelipa mwandikie risiti ya ujumbe. Mzazi mkulima wa Urambo au Kaliua anaweza kuomba alipe baada ya masoko ya tumbaku. Mkubalie tarehe moja iliyoandikwa, si "nikipata". Ujumbe wa kwanza kwenye grupu unaweza kuwa hivi:

"Habari za jioni wazazi. Vipindi ni Jumanne na Alhamisi, saa 1:30 hadi 2:45 usiku, kwa sauti ya WhatsApp. Ada ni 16,000 kwa mwezi kwa vipindi nane, ilipwe kabla ya kipindi cha kwanza. Kila mtoto awe na karatasi, kalamu nyeusi na majedwali ya hisabati. Maswali natuma siku moja kabla. Asiyerudisha picha ya kazi yake hadi saa 11:30 jioni atasikiliza tu siku hiyo. Nikikosa mimi, nafidia ndani ya wiki. Akikosa mtoto, maelezo ya sauti yatabaki kwenye grupu, hakuna kurudishiwa fedha. Tunafunga tarehe 30 Juni. Asanteni."